Mguu wa Shemeji kwa Mechi Tatu

Mwezi huu nilipanga kukuandikia habari za wanandoa wanaofichana mishahara. Makala ipo, imefika nusu, itakuja tu. Ila kuna jambo limenikaba tangu Desemba, na kila nikikaa kuandika kuhusu mishahara najikuta naandika kuhusu mguu. Mguu wa shemeji yangu. Basi niruhusu niumalize kwanza, ya fedha tutayarudia.

Mume wangu ni mtu wa Mwankoko, Manispaa ya Singida. Kama hujafika, ndiko viliko visima vinavyonywesha sehemu ya mji wa Singida, na ndiko nilikojifunza kwamba kuku wa kienyeji hachemshwi kwa dakika ishirini kama tunavyodanganyana huku Dar. Kila mwisho wa mwaka tunakwenda. Siku hizi safari imelainika: tangu treni ya mwendokasi ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, tunaondoka asubuhi, mchana tuko Dodoma, tunamalizia na basi. Tukifika, watoto wanamezwa na bibi yao, mume wangu anamezwa na kijiwe, na mimi namezwa na jiko. Sikukuu ndiyo hiyo.

Jambo moja tu linatuunganisha wote: mpira. Kila Desemba vijana wa pale hucheza ligi yao ya kufunga mwaka kwenye kiwanja cha shule. Mshindi anachukua ng'ombe, wa pili mbuzi wawili. Kiwanja ni mchanga na kokoto, upepo wa Singida unaujua mwenyewe, na ukikosea kupiga kona mpira unakwenda kwenye mawe. Lakini watu wanajaa! Wazee na viti vyao, akina mama na miavuli, vijana wa bodaboda wamepanga pikipiki kama ukuta. Kila mwenye mguu wa maana pale anaota Liti, ule uwanja wa mjini ambao wengi bado wanauita Namfua, maana timu ya Ligi Kuu iko umbali wa nauli ya boda.

Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, ni winga. Mguu wa kushoto. Siku sita za wiki ni dereva wa bodaboda, siku ya saba anakimbia pembeni ya chaki kama anadaiwa. Ana mke na mtoto wa mwaka mmoja. Mke wake na mimi, kwa kuwa tumeolewa nyumba moja, tunaitana "mwenzangu". Siku ile tulikaa kwenye kanga moja, mtoto katikati yetu, karanga mkononi.

Sasa nikuambie ukweli ambao sikumwambia mama mkwe. Kipindi cha kwanza, beki wetu alimfyeka kijana mmoja wa upande wa pili, akamlaza chali, na mimi mhariri wa gazeti hili, mwenye shahada yangu ya mawasiliano, nilisimama nikapiga makofi. Nilisema, "Safi! Ajue hapa ni wapi!" Mwenzangu alicheka. Refa alipeta. Kijana akainuka, akajikung'uta, mpira ukaendelea.

Kipindi cha pili, mnamo dakika ya sitini na kitu, shemeji alipokea mpira pembeni, akampita wa kwanza. Beki wao akamjia kwa nyuma, miguu yote miwili hewani, njumu mbele. Mpira ulikuwa umeshaondoka. Nilisikia mlio. Nilidhani ni tawi limevunjika kwenye ule mti wa nyuma ya goli. Kisha nikaona soksi ya shemeji imekaa upande ambao soksi haikai, na mwenzangu akaniachia mtoto na karanga akakimbilia kiwanjani bila viatu.

Refa wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwema, anapuliza filimbi kwa kujitolea na soda moja. Alitoa kadi ya njano. Ya njano, jamani.

Shemeji alipelekwa hospitali ya mjini kwa bajaji, mguu umefungwa kwenye ubao wa dawati. Mifupa yote miwili chini ya goti. Akafungwa hogo kutoka pajani mpaka vidoleni, akaambiwa kazi ya pikipiki aisahau kwa miezi minne au mitano, na mpira asiuzungumzie kabisa. Jioni ileile kamati ya mashindano ilikaa, kwa kuwa watu walichachamaa, ikatoa uamuzi: yule beki amefungiwa mechi tatu na faini ya Sh 20,000, ilipwe kwenye mfuko wa ligi.

Mwenzangu aliniuliza swali nje ya wodi, kwa sauti ya chini, siyo ya ugomvi. "Dada, mechi tatu ni wiki tatu. Na hiyo elfu ishirini inakuja kwetu?"

Haikuja kwao. Ilikwenda kununua mpira mpya.

Tulipomfuata mwenyekiti wa kamati, alitujibu kwa heshima zote: "Shemeji, sisi hatujatunga. Tumefuata za juu. Huko juu ni mechi tatu." Nikasema sawa, nikirudi mjini nitaangalia za juu. Nimeangalia. Na hapo ndipo usingizi uliponipaa.

Nianze na hapa kwetu. Oktoba 2022, Simba na Yanga walitoka 1-1 pale Benjamin Mkapa. Baada ya mchezo, Clatous Chama wa Simba na Stephane Aziz Ki wa Yanga walifungiwa mechi 3 kila mmoja na kutozwa faini ya Sh 500,000. Kosa? Kukwepa kupeana mikono na wapinzani kabla ya mchezo. Nenda mbele mwaka mmoja. Novemba 2023, Khalid Aucho wa Yanga akabainika kumpiga kiwiko Ibrahim Ajibu wa Coastal Union kule Tanga. Adhabu: mechi 3 na faini ya Sh 500,000.

Umesoma vizuri? Rudia kama hujasoma vizuri. Kutompa mtu mkono wako, mechi tatu na laki tano. Kumpa mtu kiwiko chako, mechi tatu na laki tano. Mimi si mwanasheria wa michezo, lakini nimelea watoto wawili, na najua ukimchapa mtoto sawasawa kwa kutosalimia wageni na kwa kumsukuma mwenzake kwenye ngazi, kesho atachagua kosa linalomfurahisha.

Usidhani basi kwamba wakubwa wetu hawajui kuwa wakali. Wanajua sana. Mwaka 2015 Juma Nyosso, aliyekuwa nahodha wa Mbeya City, alifungiwa miaka 2 na kutozwa Sh milioni 2 kwa kitendo cha kumdhalilisha John Bocco wa Azam uwanjani, kile kilichonaswa na kamera. Sina tatizo na adhabu hiyo, heshima ya mwili wa mtu si mchezo. Ila inaonyesha kitu: kosa likitutia aibu, tunapata miaka. Kosa likivunja mfupa, tunahesabu mechi kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki. Na klabu zetu kila msimu zinapigwa faini kwa kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi. Mlango nao una bei.

Mume wangu aliposikia napiga simu na kuuliza watu mambo haya alicheka. Yeye ni beki wa bonanza, kila Jumamosi na wenzake wa ofisini, tumbo mbele. Akaniambia, "Mama watoto, mpira ni wa kugusana. Ukipiga watu miaka kwa rafu, tutabaki na ngoma za harusini." Tulibishana jikoni, tukabishana kitandani, na nisiwe mnyimi, ana hoja mbili za maana. Nitazileta.

Kwanza twende Ulaya, maana ndiko tunakoiga. Februari 2008, Martin Taylor wa Birmingham alimvunja mguu Eduardo wa Arsenal. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi, tuliiona kwenye runinga ya kibandani na wapishi wa mihogo walifumba macho. Eduardo alikaa nje karibu mwaka mzima. Taylor alipata kadi nyekundu na kukosa mechi 3. Miaka miwili baadaye, Februari 2010, Ryan Shawcross wa Stoke akamvunja Aaron Ramsey, pia wa Arsenal. Mechi 3. Ndiyo desturi ya kadi nyekundu ya rafu mbaya kule Uingereza: tatu, basi. Mwenyekiti wa kamati ya Mwankoko hakunidanganya.

Kisha kuna kile kisa cha Roy Keane, ambacho wanaume wa umri wa mume wangu wanakisimulia kama hadithi za babu. Aprili 2001 alimkanyaga Alf-Inge Haaland wa Manchester City kwenye goti, baba wa huyu Erling mnayemshangilia leo. Kadi nyekundu, mechi 3, faini ya pauni 5,000. Mwaka uliofuata Keane akatoa kitabu cha maisha yake, akaandika kwa maneno yanayoonyesha alikusudia. Hapo wakubwa wakaamka: mechi 5 zaidi na pauni 150,000. Yaani kwa rafu, elfu tano. Kwa kuisimulia rafu, laki na nusu. Nilimwambia mume wangu, hapo ndipo utajua wanaadhibu kelele kuliko goti.

Na hao wana bahati ya kuadhibiwa. Mwaka 1982, nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Seville, kipa wa Ujerumani Magharibi, Harald Schumacher, alimgonga Patrick Battiston wa Ufaransa mpaka akazimia na kupoteza meno. Refa hakutoa hata faulo. Fainali ya 2010 kule Afrika Kusini, fainali yetu sisi Waafrika, Nigel de Jong alimtia Xabi Alonso njumu za kifua. Kadi ya njano. Refa Howard Webb alikuja kusema baadaye kwamba hakuona vizuri. Sawa, hakuona. Mwalimu wetu wa Mwankoko alikuwa hatua kumi.

Maana sheria yenyewe, wapenzi, haina shida. Tangu mwaka 1998 waliandika wazi kwamba kumvaa mtu kwa nyuma kwa namna ya kuhatarisha usalama wake ni nyekundu, na leo sheria inasema hivyohivyo kwa upande wowote utakaomjia. Tazama neno: kuhatarisha. Haisemi mpaka umvunje. Shida inaanza nyekundu ikishatoka, pale mtu anapokaa mezani na kuamua nyekundu hii ni ya siku ngapi.

Hapo ndipo nilipoangukia raga. Si ile tunayoijua kwa majirani zetu Wakenya, ya wachezaji saba, waliyochukulia ubingwa wa Singapore mwaka 2016 kwa kuwatandika Fiji 30-7. Hii ni raga ya ligi, ya wachezaji 13 kila upande, inayopendwa mno Australia. Mchezo wenyewe ni kugongana, kazi ya beki ni kumwangusha mtu chini kwa mikono. Nilidhani watu kama hao hawana muda wa kuhesabu rafu. Kumbe wanazihesabu kuliko sisi.

Kwenye ligi yao kubwa, NRL, kosa likitokea linapangiwa daraja, la 1, la 2 au la 3, kwa kuangalia uzembe na hatari yake. Rekodi yako ya nyuma inafunguliwa. Ukikiri mapema unapunguziwa. Refa akiwa na shaka anaweza kumweka mtu kwenye ripoti, mchezo unaendelea, kamati inatazama picha kwa utulivu. Anaweza pia kumtoa mtu dakika 10 akakae benchi kama mtoto aliyekosa, na timu inacheza pungufu.

Lakini hata wao hawajamaliza. Machi 2014, kijana Alex McKinnon wa Newcastle Knights alikabwa na wachezaji watatu wa Melbourne Storm, wakamnyanyua, akashukia kichwa. Shingo ikavunjika. Hakucheza tena, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Mmoja wa wale watatu, Jordan McLean, ndiye aliyeshtakiwa, akafungiwa mechi 7. Nchi nzima iligawanyika. Wako waliosema saba kwa shingo ya mtu ni dhihaka. Wako waliosema ni nyingi mno, ile ilikuwa ajali, na kama McKinnon angeinuka akajikung'uta, nani angeikumbuka? Na mwaka 2022 ligi hiyohiyo ikaamua makosa ya daraja la chini yalipiwe kwa faini badala ya kukosa mechi. Ukiwa na hela, umecheza.

Lile swali, kwamba angeinuka nani angekumbuka, ndiyo hoja ya kwanza ya mume wangu. Alinikumbusha Novemba 2019, Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua André Gomes wa Everton, rafu ya kawaida kabisa, Gomes akatua vibaya na kifundo kikageuka. Refa aliyekuwa ameshika njano akatoa nyekundu. Son alilia mbele ya dunia nzima, na baadaye ile nyekundu ikafutwa. "Unaona," akasema, "ukiadhibu kwa kutazama mfupa, unaadhibu bahati. Adhibu kitendo."

Nikanyamaza, maana ni kweli. Tena ilinichoma kwa namna ambayo hakujua. Kama ni kuadhibu kitendo, basi beki wetu wa kipindi cha kwanza, yule niliyempigia makofi, naye alistahili kutoka nje. Tofauti yake na yule mwingine ni kwamba mtu wake aliinuka. Ningekuwa refa ningempa soda.

Nikamjibu usiku wake, alipokuwa karibu kulala, maana hoja nzuri huja hivyo. Sawa, tuadhibu kitendo. Miguu miwili hewani, njumu mbele, kwa nyuma, mpira umeshaondoka: hicho ni kitendo. Kipe bei yake hata kama aliyechezewa ameinuka anacheka. Lakini bei hiyo isiwe sawa na ya kutotoa salamu! Na kama kitendo cha hatari kimeacha mtu hawezi kufanya kazi, bei iongezeke, kwa sababu ndivyo tunavyoishi sehemu nyingine zote. Dereva akiendesha ovyo akamkosa mtu, ni kosa. Akimgonga, ni kosa jingine. Mume wangu akasema, "Zima taa." Nikaihesabu kama ushindi.

Hoja yake ya pili sikuishinda, na nakuachia wewe. Alisema adhabu ndefu zinawaumiza wadogo. Mchezaji wa Ligi Kuu akifungiwa miezi sita, mshahara upo. Kijana wa Mwankoko ukimfungia miezi sita, umemfungia maisha, kwa sababu skauti anakuja mara moja.

Turudi Mwankoko, maana huko mambo hayakusubiri hoja zetu.

Baba mkwe alitaka kwenda polisi. Alishaoga, ameshavaa koti, anaulizia fimbo yake ili akachukue PF3. Kwake yeye mtu amevunja mtu, basi. Mume wangu alimzuia mlangoni: "Baba, tukianza hivyo hakuna kijana atakayecheza tena hapa." Mzee akamjibu, "Na huyu wangu atacheza lini?" Mama mkwe alikuwa anapepeta mtama, hakusema kitu, na mimi nimejifunza kwamba mama akinyamaza jambo bado halijaisha.

Siku ya tatu yule beki alikuja na mama yake. Walibeba jogoo na dumu la mafuta ya alizeti. Kijana wa miaka ishirini na mbili, saidia fundi, mikono imepasuka kwa simenti. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alipiga magoti mbele ya kitanda, akasema, "Kaka, nisamehe. Kocha aliniambia huyu asipite, hata kwa nini." Shemeji akageukia ukutani. Halafu, bila kugeuka, akasema, "Hata sisi tuliambiwa hivyo."

Hapo nilitamani kuandika jina la kocha kwa wino mwekundu. Wa kwao na wa kwetu. Maana kamati ilimfungia mguu, haikumfungia mdomo uliotuma mguu. Ule msemo wa mabeki wetu, kwamba mpira ukipita mtu abaki, hakuzaliwa nao. Alifundishwa, na sisi pembeni tukamfundisha zaidi. Yule kocha siku iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake, kofia kichwani. Timu yake ikafungwa mechi hiyo na kutolewa. Kwa hiyo zile mechi tatu zenyewe, kijana alitumikia moja. Nyingine mbili zimebaki hewani mpaka Desemba hii, kama kuna atakayekumbuka.

Wazee wa pande zote walikaa. Nami nilikaribishwa kukaa, ila si kusema, nikakaa karibu na mlango na chai yangu. Walifika mahali ambapo kamati haikufika: waliuliza hasara ni nini. Mwenzangu akaitwa aseme mwenyewe. Alisimama na mtoto mgongoni, akataja. Pikipiki ni ya mkataba, hesabu Sh 7,000 kwa siku, na mwenye chombo ameshampa dereva mwingine. Bima ya CHF walikuwa hawajalipia, ile iliyokuwa Sh 30,000 kwa kaya kwa mwaka; walikuwa wanaisogeza tu mwezi hadi mwezi, na msomaji usimcheke, jiulize yako. Shamba la alizeti ekari mbili, limepandwa, na sasa hakuna wa kupalilia, maana yeye anamgeuza mgonjwa. Hakulia. Alihesabu kama anasoma risiti. Nimekaa kwenye vikao vingi vya wasomi na sijasikia taarifa safi kama ile.

Wakakubaliana kijana apalilie zile ekari mbili msimu mzima, palizi zote, na familia yake ichangie matibabu kwa kadiri watakavyoweza kila mwezi. Hakuna aliyeandika popote. Mzee akavua koti.

Je, ilifanya kazi? Nusu. Nilikuwa napiga simu kila wiki. Palizi ya kwanza alikuja mwenyewe, siku nne mfululizo, na mwenzangu akampelekea uji shambani, akaniambia, "Dada, nilitaka kumwagia, nikampa." Palizi ya pili alikuja siku moja, siku nyingine akamtuma mdogo wake, kwa sababu alipata kibarua mjini. Fedha za matibabu zilifika mwezi wa kwanza na wa pili, wa tatu zikaja nusu, kisha kimya. Mume wangu na mimi tukaziba pengo, na ndiyo maana makala yangu ya mishahara inasuasua, maana na mimi nilimficha mume wangu kiasi nilichotuma, na yeye akanificha alichotuma, tukagundua siku moja kwamba tumetuma wote mara mbili. Hiyo ni ya mwezi ujao.

Wale wanaotunga kanuni, wakinisoma kwa bahati mbaya mikononi mwa wake zao, nina ombi moja tu. Ile faini. Laki tano ya Ligi Kuu na elfu ishirini ya Mwankoko, zote zinakwenda kwa wenye mashindano. Mwenye mguu anapata pole. Hata kama mechi zitabaki tatu mpaka mwisho wa dunia, faini ya rafu iende kwa aliyechezewa rafu. Mpira mpya wanunue kwa viingilio.

Hogo lilitolewa mwezi wa tano. Mguu umekonda kama wa mtoto, lakini anatembea, na mwenye pikipiki amesema atamrudishia chombo akiweza kuiegemea bila kuyumba. Alizeti ilivunwa, siyo nyingi, upande ule wa palizi ya pili ulizidiwa na magugu.

Juzi shemeji alimpigia kaka yake. Nilikuwa karibu, simu ilikuwa na sauti kubwa. Waliongea habari za mvua, za mzee, za Simba. Halafu akashusha sauti: eti hajaziona daluga zake tangu Desemba, na mke wake anasema hajui ziliko, na je, kaka ana jozi ya zamani, namba arobaini na moja.

Mume wangu akanitazama. Mimi nikaendelea kumenya viazi. Najua ziliko. Ziko chini ya gunia la mtama, lile la nyuma kabisa, zimefungwa kwenye kanga ileile tuliyokalia siku ile, na nimeapa kwa mwenzangu.